50 Cent, Ja Rule na bifu zote zile: maswali yanayorudi kila siku

Hii nimeikusanya kwa sababu nimechoka kujibu kitu kimoja kila jioni pale Kirumba, hapa Mwanza. Ngoma ya rapa wa Marekani 50 Cent ikipigwa tu kwenye spika ya fundi simu basi anaibuka mtu "oya hivi zile risasi ni kweli au ilikua kiki?" afu wakubwa wanaanza kubishana na madogo ambao 2003 walikua hata hawajazaliwa. Nimeanza na ya msingi nikamalizia na yale ya pembeni. Ukiona nimekutupia namba ya swali jingine nenda kalisome huko, sirudii.

## YA MSINGI KABISA

1. 50 Cent ni nani hasa?

Jina la nyumbani ni Curtis James Jackson III, kazaliwa 6 Julai 1975, mtoto wa South Jamaica, Queens, New York. Usichanganye na Jamaica ya kina Bob Marley, huu ni mtaa tu. Mama yake alikua anauza madawa na akafariki jamaa akiwa na miaka 8, akalelewa na babu na bibi, na alipofika miaka 12 nae akaanza kuuza mtaani bibi akidhani dogo yuko masomo ya jioni. 1994 wakamdaka, akapewa miaka 3 mpaka 9 ila akatumikia miezi michache kwenye kambi ya vijana ambako unakimbizwa mchakamchaka kama JKT, na huko huko akapata cheti chake cha kumaliza sekondari.

2. Kwa nini ajiite senti hamsini?

Kulikua na jambazi wa Brooklyn anaitwa Kelvin Martin, mfupi, mdogo wa mwili, ila alikua haogopi mtu, na mtaani walimwita 50 Cent. Aliuawa 1987. Curtis akachukua hilo jina. Ndio hivyo tu, wala hakuna hesabu ya hela hapo.

3. Nani alimfundisha kuchana?

Jam Master Jay, yule DJ wa kundi la rap la Run-DMC. Mwaka 1996 ndio alimpokea studio akamfundisha kuhesabu mistari, kuweka kiitikio, yani kupanga ngoma ieleweke kama ngoma na sio kubwabwaja tu juu ya biti. Ndio maana ukisikiliza 50 vizuri utaona viitikio vyake vinashika haraka kuliko vya ma-rapa wengi wenye mistari mizito kumzidi. Jay mwenyewe alipigwa risasi akafa ndani ya studio Queens 30 Oktoba 2002, miezi mitatu tu kabla mwanafunzi wake hajalipuka dunia nzima.

4. Ni kweli alipigwa risasi tisa?

Kweli kabisa. Tarehe 24 Mei 2000, mchana, yuko ndani ya gari mbele ya nyumba ya bibi yake South Jamaica, jamaa akasogea akammiminia kwa karibu. Mkono, nyonga, miguu, kifua, na moja ikaingia shavu la kushoto. Kama siku 13 hospitali, miezi ya kujifunza kutembea upya. Ile sauti yake ya kuburuta kama mtu ana pipi mdomoni, risasi ya shavuni imechangia.

Ila kinachosahaulika ni kwamba wakati huo alikua tayari ana mkataba na lebo (kampuni ya muziki) ya Columbia na albamu iko njiani kutoka. Lebo iliposikia mtu wao katobolewa ikamkimbia, albamu ikawekwa kabatini. Kwa hiyo ukisema risasi zilimtengeneza, kumbuka kwanza zilimfukuzisha kazi. Kilichomtengeneza ni alichofanya baada ya hapo, soma swali la 5.

5. Sasa alifikaje kwa Eminem na Dr. Dre?

Mikstepu. Lebo zote New York zilikua zinamuogopa, hakuna anaetaka mtu ambae anaweza kupigwa risasi tena studio kwako, kwa hiyo yeye na kundi lake la G-Unit (Lloyd Banks na Tony Yayo mwanzoni, Young Buck akaja baadae) wakaanza kuchukua biti za watu wengine zinazotamba redioni, wanaweka mistari na viitikio vyao juu, wanasambaza mtaani. Leo kila mtu anafanya hivyo ila kipindi kile mikstepu nyingi zilikua ni DJ anakusanya vipande vipande, yeye akazifanya ziwe kama albamu kamili. 2002 ikamfikia rapa Eminem, Eminem akampigia bosi wake, prodyuza Dr. Dre, na jamaa akasaini dili la dola milioni 1.

Huo ndio ujanja ambao mi namheshimu kuliko risasi. Mtu kafungiwa mlango wa mbele akaenda kuuza uani, na wateja wakahamia uani.

6. Ile albamu ya kwanza iliuza kweli au ni sifa za wahenga?

Get Rich or Die Tryin' ilitoka 6 Februari 2003, ndani ya siku nne za kwanza ikauza nakala 872,000 Marekani, na ikafunga mwaka ikiwa ndio albamu iliyouza kuliko zote kule. In da Club ikakaa namba 1 wiki tisa. Ya pili, The Massacre ya Machi 2005, ikauza zaidi ya milioni 1.1 kwa siku nne. Kumbuka hapo mtu ananunua sidii kwa hela yake, anatoka nyumbani anaenda dukani, sio kubonyeza simu.

7. Na hapa Mwanza alishikaje hivyo, wakati Ja Rule ndio tulimjua kwanza?

Hili ndio swali ninalolipenda. Ni kweli Ja, rapa mwingine wa Queens, tulimjua kwanza. 2001 na 2002 zile ngoma zake na Ashanti na Jennifer Lopez zilikua kila harusi, kila daladala ya Igoma, kila kipindi cha salamu. Afu 2003 ikaingia, mara video ya jamaa ananing'inia kichwa chini ikaanza kupigwa kwenye TV ya Channel 5, na ndani ya mwaka mmoja soko la Mlango Mmoja likajaa fulana za G-Unit za mitumba na zile mpya za kufoji, saluni zikaanza kuchorwa 50 ukutani akiwa na kivesti na kofia ya baseboli, na kuna vijana walivaa singlendi nyeupe mpaka kanisani.

Kwa nini? Mi naona Ja alikua anaimba mapenzi na mapenzi wasanii wetu wenyewe walikua wanaimba vizuri tu kwa Kiswahili, hatukua na upungufu. 50 alileta kisa. Kijana wa Mabatini hajui neno hata moja la kizungu cha Queens ila anajua kisa chote, yatima, risasi tisa, kafukuzwa, karudi tajiri. Kisa kinasafiri bila mkalimani.

## BIFU LA JA RULE

8. Lilianzia wapi?

Kuna matoleo mawili na kila mmoja anashikilia la kwake mpaka kesho.

Toleo la 50: kuna mshkaji wa mtaani alimpora Ja cheni, baadae Ja akamuona 50 anapiga stori na huyo mporaji, akakasirika. Toleo la Ja: alikua anashuti video Queens, watu wakamshangilia sana, 50 akapata wivu. Wote wawili ni watoto wa Queens, mmoja South Jamaica mwingine Hollis, ni kama mtu wa Nyamanoro na mtu wa Pasiansi, mnakutana kila siku upende usipende. Mwaka 1999 kulikua tayari na ngoma ya 50 ya kumchana Ja, yani kabla ya risasi, kabla ya Eminem, kabla ya hela. Hiyo tarehe iweke kichwani, nitaihitaji swali la 13.

9. Nani alimchoma nani kisu?

Machi 2000, studio ya Hit Factory New York, watu wa Murder Inc. (lebo ya Ja na bosi wake Irv Gotti) wakakutana na 50 ikawa vurugu, 50 akatoka na jeraha la kisu akashonwa. Kabla ya hapo walikua wameshazichapa Atlanta. Miezi miwili baada ya kisu ndio zikaja risasi za swali la 4, na ndio maana watu wengi wanaunganisha mambo haya mawili. Mahakamani hakuna mtu wa Murder Inc. aliyewahi kutiwa hatiani kwa zile risasi, kwa hiyo wewe unaesema kijiweni "Ja ndie alimtuma mtu" punguza sauti.

10. Eminem na Dre waliingiaje wakati haikua ugomvi wao?

Waliingia pale walipomsaini 50, kirahisi tu. Ukimchukua mtu unachukua na madeni yake. Ja nae akakosea akamtaja mtoto wa Eminem kwenye mstari, na kila mtu anajua Eminem ukimgusa mtoto hakuna mazungumzo tena. Ghafla Ja anapambana na 50, Eminem, Dre, Busta Rhymes, DMX nae akajiunga kwa hasira zake mwenyewe. Mmoja kwa jeshi.

11. Nani alishinda?

Kwa anaeuliza hivi naomba kwanza twende Kisesa kidogo.

Sisi Wasukuma hii kitu tunayo kabla hip hop haijazaliwa: Wagika na Wagalu. Vyama viwili vya ngoma, asili yake ni mafundi wawili wa zamani, Ngika na Gumha, waliokua wanashindana nani ana ngoma kali na dawa kali. Mpaka leo ukienda Bujora, hapo Kisesa, kwenye tamasha la ngoma la Bulabo mwezi wa sita utawakuta, siku moja, uwanja mmoja, huku wanapiga na kule wanapiga. Hakuna jaji anaehesabu nani katukana vizuri. Anaeshinda ni yule watu wamemkimbilia. Ukiona duara la mwenzako linaongezeka na la kwako linapungua, hata uwe umetunga wimbo mzuri vipi umeshalala.

Kwa kipimo hicho 50 alishinda na hakuna ubishi. 2002 duara lote lilikua la Ja, mwisho wa 2003 lilikua limehama. Ja alitoa albamu nzima ya kujibu mapigo Novemba 2003, Blood in My Eye, hasira tupu, na watu hawakuja. Na silaha ya 50 haikua mistari migumu, alimfanya Ja achekeshe. Alimgeuza kua mtu wa kuimba imba. Baada ya hapo kila Ja akiimba watu wanacheka, asipoimba sio Ja tena. Huna pa kutokea.

12. Kwa hiyo Ja alikua mbovu na Murder Inc. ilikufa sababu ya 50?

Hapana na hapana, na hapa ndio vijana wanadanganyana sana.

Ja alikua na albamu mbili mfululizo zilizoshika namba 1 Marekani, ya 2000 na ya 2001. Mtu mbovu hafanyi hivyo. Na hata baada ya kipigo, 2004 alirudi na ngoma na R. Kelly na Ashanti ikashika namba 1 Uingereza.

Kuhusu lebo: Januari 2003, mwezi mmoja kabla ya albamu ya 50, serikali kuu ya Marekani ilivamia ofisi za Murder Inc. ikiwatuhumu kutakatisha hela za madawa. Irv Gotti na kaka yake walishtakiwa na Desemba 2005 baraza la wazee wa mahakama likawaachia huru, hawana hatia. Lakini miaka karibu mitatu ya wapelelezi mlangoni, ni nani atakupa hela za promo? 50 alimpiga mtu ambae serikali ilikua imemshika mikono. Sisemi asingeshinda, nasema ile picha ya mtu mmoja kuangusha lebo nzima kwa mdomo imetiwa chumvi. Irv Gotti alifariki Februari 2025 na 50 hata hapo hakunyamaza, alichapisha utani mtandaoni, kitu ambacho mi nilikiona cha hovyo.

13. Kwa nini hili haliishi wakati nyingine zote ziliisha?

Rudi kwenye ile tarehe, 1999. Bifu nyingine za 50 ukiziangalia karibu zote zina albamu nyuma yake, kuna kitu kinauzwa. Hili lilianza wakati jamaa bado ni chipukizi, hajatoa albamu hata moja, na mwenzake ndie mwenye nacho. Ni la mtaa. La biashara linaisha biashara ikiisha, la mtaa unalihamia nalo hata ukijenga Capri Point kwa matajiri. 2003 kiongozi wa dini Louis Farrakhan alikaa na Ja kutafuta suluhu, 50 hakutokea. Zaidi ya miaka 20 sasa wanarushiana maneno mtandaoni, watu wazima wa miaka hamsini.

## BIFU NYINGINE

14. The Game alikua G-Unit, waligombana nini?

The Game alitoka Compton, Dre akamsaini, akawekwa chini ya G-Unit ili apate nguvu. Albamu yake ya kwanza ilitoka Januari 2005 na 50 yumo kwenye ngoma zilizoibeba. Wiki sita hazijaisha, 28 Februari 2005, 50 yuko hewani kwenye redio ya Hot 97 anatangaza kwamba kamfukuza kwa sababu hana utii, hataki kuwashambulia maadui wa G-Unit. Game na watu wake wakaenda redioni, risasi zikapigwa nje, mtu wa upande wa Game akajeruhiwa mguu.

Sasa hesabu: The Massacre ilitoka siku tatu baada ya hapo. Machi 9 wakaonekana wote wawili Harlem wanapeana mikono mbele ya kamera na kutoa michango ya hisani, na baada ya muda mfupi wakaanza tena. Sisemi ilipangwa, mtu alipigwa risasi pale, ila sijawahi kuona ugomvi wenye ratiba nzuri hivyo. Walipatana 2016 ndani ya klabu Los Angeles.

15. Kanye alimshindaje?

11 Septemba 2007, 50 na rapa mwenzake Kanye West wanatoa albamu siku moja, na 50 kwa mdomo wake anasema Kanye akiuza zaidi anaacha kutoa albamu zake binafsi. Wiki ya kwanza: Kanye 957,000, 50 alipata 691,000. Na hakuacha, kama ulikua unajiuliza.

Wanaosema siku ile gangsta rapu ilikufa wanatia chumvi ila kitu kilihama kweli. Duara (swali la 11) lilienda kwa jamaa wa miwani ya ajabu na biti za kielektroniki. Angalia pia kwamba 691,000 ni nyingi sana, wote wawili walikula. Hii ndio bifu pekee ya 50 ambayo naiona safi, hakuna damu, hakuna mama wa mtu aliyetukanwa.

16. Na Rick Ross? Wengine wanasema hapo 50 alishinda.

Alishinda kelele, akapoteza hela.

2008 zilitoka nyaraka zinaonesha Ross, anaejiita bosi wa unga, aliwahi kua askari magereza Florida. Mwanzo alikataa, baadae akakubali. 2009 bifu likaanza na 50 akawa na silaha ambayo ingemaliza rapa yeyote wa kawaida, kaisukuma mtandaoni kila siku na vikatuni na video za kuchekesha. Matokeo? Albamu ya Ross ya 2009 ikaingia namba 1. Ya 50 mwaka huo huo ikaingia namba 5. Ross akaendelea kupanda mpaka akaja Dar kwenye Fiesta 2012 na uwanja ukajaa, hakuna mtu aliyeuliza habari za magereza.

Afu likaja lile baya. Katika kumtafuta Ross, 50 aliweka hadharani video ya faragha ya mwanamke aliyezaa na Ross, mtu ambae hakua na ugomvi wowote na yeye. Yule dada akaenda mahakamani, na 2015 baraza la wazee likaamua alipwe dola milioni 7 kwa jumla. Na alistahili. Huwezi kumpiga jirani kwa kumvua nguo mtu mwingine. Hela hiyo inahusika na swali la 19.

17. Fat Joe, Nas, Jadakiss je?

Kosa lao lilikua kua karibu na Ja. Fat Joe na Jadakiss walifanya nae ngoma 2004, basi 2005 50 akawatungia wote wimbo mmoja pamoja na Nas. Fat Joe alipatana nae 2012 baada ya kifo cha Chris Lighty, meneja ambae wote walimheshimu.

18. Kwa nini hajawahi kumgusa Jay-Z vizuri?

Alimgusa mapema, 1999, kwenye ile ngoma yake ya kuwataja makumi ya mastaa anaotaka kuwapora, na Jay-Z akamjibu jukwaani kwa mstari mmoja tu. Kwa chipukizi huo mstari ulikua ni zawadi, maana siku inayofuata kila mtu anauliza huyu 50 ni nani. Kiangazi cha 2003 wakazunguka pamoja kwenye ziara ya matamasha. Baada ya hapo ni vijembe vya hapa na pale, na mi naona jamaa anajua kupima uzito kabla hajarusha ngumi.

## HELA

19. Alifilisika kweli?

Aliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, Julai 2015, siku chache tu baada ya ile hukumu ya swali la 16. Alikua pia anadaiwa kama dola milioni 17 na kampuni ya hedifoni iliyomshinda kwenye kesi nyingine. Lakini hii sio kufilisika kwa mtu wa Makoroboi ambae mgambo kabeba meza yake na bidhaa zote. Kule sheria inakupa muda wa kupanga ulipe vipi huku ukiendelea na kazi. Alikubali mpango wa kulipa zaidi ya dola milioni 20, akamaliza mapema, 2017 akaachiwa.

Kituko ni kwamba katikati ya kesi alipiga picha na mabunda ya dola yamepangwa yakaandika kwamba kaishiwa, hakimu akamuita aeleze, akasema ni noti bandia za kuigizia. Halafu kuna lile jumba la Connecticut, vyumba vya kulala 21, lililokua la Mike Tyson, alilonunua 2003 kwa dola milioni 4.1, akalihangaikia miaka na miaka sokoni akaja kuliuza 2019 kwa milioni 2.9. Hata matajiri wanapigwa kwenye nyumba.

20. Ni kweli alitajirikia kwenye maji kuliko muziki?

Maji ya chupa yenye ladha na vitamini, ndio. 2004 kampuni ya Glacéau ilimtaka kwa tangazo, na badala ya kuchukua hela ya tangazo tu, yeye na Chris Lighty wakachukua hisa. 2007 Coca-Cola ikainunua kampuni nzima kwa dola bilioni 4.1. Kiasi alichopata yeye kinatajwa kwa makadirio, mengi ni kati ya milioni 60 na 100 kabla au baada ya kodi kutegemea nani anasimulia. Kwa vyovyote ni hela ya kuuza kanda milioni ngapi sijui.

Mwaka huo huo Kanye alimshinda. Mi huwa nawaambia vijana hapo ndio uone, mwaka aliopigwa kwenye muziki ndio mwaka aliolamba hela ndefu kuliko yote.

21. Na hizi tamthilia?

Power ilianza Juni 2014, ikazaa watoto watatu wenye jina hilo hilo, afu ikaja BMF 2021. Humo yeye ni mtayarishaji, kwenye Power ya kwanza aliigiza pia kama Kanan. Kuna madogo hapa Nyegezi wanamjua kama Kanan tu, ukiwaambia alikua anachana wanashangaa. Desemba 2025 akatoa na dokumentari ya Netflix kuhusu rapa na bosi wa muziki Diddy, adui yake mwingine wa siku nyingi, yani sasa bifu anazirekodi kabisa kwa kamera nne na wahariri.

## YA PEMBENI

22. Alinunua tiketi 200 za shoo ya Ja Rule ili viti vibaki wazi?

Mwenyewe ndie aliyesema, 2018, kwamba alizikuta zinauzwa kwa punguzo dola 15 akachukua 200 za mbele. Akaweka na picha ya kutengeneza amekaa peke yake katikati ya viti vitupu. Hata kama aliongeza chumvi, angalia alichokilenga: duara la watu. Anajua kabisa msanii anaumia wapi.

23. Ana Grammy ngapi?

Moja, ya 2010, kwa ngoma aliyoshirikishwa na Eminem na Dre. 2004 alikosa ya msanii mpya, ikaenda kwa Evanescence, na jamaa akapanda jukwaani akatembea tu akashuka wakati wenzake wanashukuru. Ana pia Emmy ya ile shoo ya Super Bowl ya 2022 aliyoning'inia tena kichwa chini, safari hii akiwa na kitambi kidogo na watu wakamtania sana.

24. Mimi ni msanii chipukizi hapa Mwanza, nianzishe bifu ili nitoke?

Una nini cha kuuza siku watu wakigeuka kukuangalia? Kama huna, acha. 50 alipomtaja Jay-Z alikua na albamu tayari, alipomfukuza Game alikua na albamu siku tatu mbele. Wewe unamtukana mtu wa Buzuruga wakati una ngoma moja na haijafanyiwa hata miksi.

Na hata bongo, Juma Nature alipotoka kundi la TMK Wanaume akaanzisha Wanaume Halisi, kilichofanya mgawanyiko ule unoge ni kwamba pande zote mbili ziliendelea kuachia ngoma, hukupata muda wa kuchoka. Afu kuna njia ya pili kabisa, rapa Fid Q ni mtoto wa hapa hapa Rock City, na zaidi ya miaka 20 watu wanamuita kwa mistari yake.

25. Nianze kusikiliza wapi?

Anza na mikstepu ya 2002, 50 Cent Is the Future, usikie njaa ya mtu asie na lebo. Halafu Get Rich or Die Tryin' yote bila kuruka. Kisha rudi nyuma usikilize Pain Is Love ya Ja Rule kwa haki, bila kucheka, ndio utajua alikua anapigana na nani. The Massacre sikiliza nusu ya kwanza. Curtis ya 2007 unaweza kuiacha, mwenyewe hata kwenye shoo anapiga ngoma mbili tatu za humo anaendelea na safari.